Kuvuja kwa Pakacha

Wanangu, mwezi wa Machi jua la Mombasa halina adabu. Lami hulainika chini ya kiatu, muuza madafu hana nafasi ya kurudisha salamu, na paka wa Mji wa Kale hulala chali vibarazani kama nguo zilizoanguka kambani. Siku moja ya namna hiyo nilipanda ghorofa ya tatu ya jengo la afisi kufuatilia karatasi zangu za uzeeni, nikapokewa na binti aliyevaa sweta. Tena si la urembo. Sweta zito la sufu, kama la watu wa Limuru, na juu yake amejitanda leso. "U mgonjwa, mwanangu?" "La, babu, ni AC tu." Nikainua macho. Kiyoyozi kilikuwa nyuzi 16. Dirisha la mgongoni mwake lilitazama magharibi bila kivuli wala pazia, na mlango wa kutokea ngazini ulikuwa umezuiwa kwa kiti ili wateja wasipate taabu ya kuusukuma.

Tukacheka sote wawili. Yeye alikuwa na mwaka wa pili akiyaona hayo. Mimi nimeyaona kwa zaidi ya miaka arobaini, maana hiyo ndiyo kazi iliyonilea: fundi wa mashine za baridi, mtu wa kupanda mapaa ya kisiwa hiki na mtungi wa gesi begani, saa saba mchana, wakati wenye akili wamelala.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanaotumia mashine hizi hawajawahi kuambiwa. Kiyoyozi hakipiki baridi. Kazi yake ni kulizoa joto lililomo ndani na kulitupa nje, kama baharia anayekumba maji ya ngalawa. Ngalawa ikivuja sana, atakumba sana. Sijapata kumwona nahodha, hata awe mzembe vipi, aliyeona maji yanaingia akaenda dukani kununua ndoo kubwa zaidi na kuliacha tundu halikukalafatiwa. Lakini huku nchi kavu, katika majengo ya watu waliosoma na waliojaaliwa, hiyo ndiyo biashara niliyoifanya maisha yangu yote. Jua linaingia dirishani, paa la zege linachemka mpaka magharibi, taa za tyubu zinamwaga joto lake juu ya vichwa vya makarani, nami naitwa nilete ndoo kubwa.

Babu zetu hawakuwa na ndoo, kwa hiyo walilazimika kuwa na ngalawa nzuri. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haikubali kuvuka mbali, madirisha ya mbao yanayopitisha kaskazi na kusi na kulizuia jua. Sisemi turudi huko. Afisi za leo zina kompyuta, zina watu wengi, na hakuna mtu wa kuchoma chokaa ya kutosha. Ninachosema ni kwamba hekima ya kulizuia jua kabla halijaingia haikuhitaji kutoka ng'ambo. Ilikuwa hapa, mlango wa pili, tukaipita tukienda kuagiza vioo.

Niwape kisa cha jengo moja, nisilitaje. Mwenyewe alikuwa Hajji mmoja, mtu wa kheri, ambaye mlangoni kwake maskini hawakurudi mikono mitupu. Orofa nne, wapangaji kumi na wawili, kila mmoja na mita yake ya stima. Mwaka 1986 nilimwambia, "Hajji, tulipake paa chokaa nyeupe, na tuweke vivuli vya mbao nje ya madirisha ya magharibi. Nusu ya mashine hizi zitapata kupumzika." Alinimiminia kahawa, akafikiri kidogo, akasema, "Fundi, maneno yako mazuri. Lakini bili ni ya wapangaji. Nikipaka mimi, watakula wao." Nikashuka chini kwa mpangaji mkubwa, wakala wa meli. Naye akanipa kiti. "Fundi, maneno yako mazuri. Lakini jengo si langu, na mkataba wangu ni wa miaka miwili. Nikiweka vivuli mimi, atabaki navyo Hajji."

Na wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo penye fundo, na nawaomba mliangalie fundo lenyewe kabla ya kuwalaumu watu. Ni kama jiko moja la watu wawili, mmoja ananunua sufuria na mwingine ananunua mkaa. Wa sufuria atachukua ile nyembamba ya bei rahisi, isiyo na kifuniko. Wa mkaa atapuliza na kulalamika mpaka siku atakapohama. Mpangaji mpya atakuta sufuria ile ile.

Watu wa zamani walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Basi ni haki niseme mchukuzi alikuwa nani. Alikuwa mimi. Mashine iliyolemewa hufa mapema, na ikifa aliitwa fundi. Ada za shule za wanangu watatu zililipwa na lile jua la magharibi. Sikumwibia mtu, na nilichofunga nilikifunga sawasawa, lakini kwa Hajji sikupanda ngazi mara ya pili. Nilisema mara moja, nikanyamaza miaka ishirini. Wala sikuwa peke yangu: muuza dizeli ya jenereta alinyamaza, muuza mashine alinyamaza, na kontrakta aliyepewa kazi ya kujenga kwa bei ya chini kabisa hakuulizwa neno na yeyote kuhusu bili za miaka thelathini mbele.

Matokeo yake nimeyaona kwa macho. Mashine kumi na mbili zilipuliza joto lao kwenye uchochoro wa nyuma, hata jirani, aliyekuwa akiishi kwa upepo, akafunga dirisha lake. Akanunua kiyoyozi. Kikapuliza kwa jirani wa pili. Baridi ya mmoja ikawa joto la mwenzake, nyumba kwa nyumba, mpaka mtaa mzima ukanguruma. Wakala wa meli alihama kwenda jengo jipya. Wakafuata mawakili. Hajji alifariki, Mungu amrehemu, akawaachia wanawe jengo lenye vyumba vitupu, na kila mpangaji aliyekuja kuangalia aliuliza bei ya stima kabla ya kuuliza kodi.

Kuna mwingine aliyelipa, ambaye hajawahi kukanyaga jengo lile. Nchi yetu hupata umeme wake mwingi kutoka mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana, na hiyo ni neema kubwa. Lakini jioni, mahitaji yanapopanda, mitambo ya mafuta mazito nayo huitwa kazini, mingine ikiwa hapa hapa Kipevu. Gharama ya mafuta hayo hugawanywa kwenye bili za wote, uniti kwa uniti. Kwa hiyo mama wa Kisauni mwenye balbu mbili na redio, anayenunua tokeni ya shilingi mia, anachangia lile sweta la binti wa ghorofa ya tatu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Serikali haikulala, na nisiseme ililala. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za usimamizi wa kawi: mahali panapotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, pakaguliwe kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, kisha angalau nusu ya akiba atakayoigundua itekelezwe. Nilipozisikia nilifurahi kama mtu aliyeona mvua. Lakini jengo la wapangaji kumi na wawili lina mita kumi na mbili, na kwa mita moja moja si rahisi kuonekana kuwa ni mlaji mkubwa. Hata kule kulikokaguliwa, mambo yalikwendaje? Ripoti moja niliikuta juu ya kabati la mhasibu, kurasa zaidi ya mia, chupa ya chai imekaa juu yake mpaka jalada limefanya duara. Sikumlaumu mhasibu yule. Ripoti ilimtaka atumie milioni mwaka huu ili aanze kufaidika baada ya miaka minne, na bosi wake humpima kwa mwaka huu. Ungekuwa wewe, chupa ungeiweka wapi?

Mwaka ule ule zikaja kanuni za maji moto ya jua. Jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mtambo wa jua, na yaliyokwisha kujengwa yakapewa miaka mitano. Nia ilikuwa njema. Ila miaka mitano ni mirefu kwa mwenye kuahirisha, na sote ni wa kuahirisha. Hata jino bovu hatulipeleki kwa daktari mpaka tukose usingizi. Mwaka 2018 kanuni zikafutwa. Fikirini aliyekuwa ametii mapema, akatoa fedha yake, na jirani yake aliyeketi kitako akisubiri. Nani alifunzwa nini siku ile? Kisha vifaa vya sola vikatozwa VAT mwaka 2020, na mwaka uliofuata vikasamehewa tena. Mchuuzi wa Kongowea asiyejua bei ya kesho hanunui gunia, hununua fungu. Ndivyo wenye majengo wanavyofanya. Wananunua fungu: taa mbili leo, feni moja mwakani, na ukarabati wenyewe wanamwachia mjukuu.

Kwa hiyo watu wa sheria wanaponiambia dawa ni faini kubwa zaidi, mimi hutikisa kichwa. Faini ina mahali pake. Lakini kuku haitwi kwa fimbo, huitwa kwa mtama, na fimbo ni ya kumzuia asiingie jikoni baadaye.

Waaustralia walilikata fundo hili vizuri. Tangu 2010, anayeuza au kupangisha afisi kubwa hutakiwa kutangaza nyota za jengo lake, alama inayotokana na bili halisi za umeme na gesi, si ahadi za mchoraji. Walianzia kwenye afisi za mita za mraba 2,000, na mwaka 2017 wakashuka hadi 1,000. Uzuri wa kipimo chao ni kwamba kinaweza kutenganisha sehemu ya mwenye jengo na sehemu ya mpangaji, kila mtu na sufuria yake na mkaa wake. Na serikali yao, ambayo ni mpangaji mkubwa, ikasema haitaingia mkataba wa afisi kubwa isiyofika nyota nne na nusu. Hebu fikirini nguvu ya neno hilo. Hapa kwetu wizara na kaunti hupanga orofa kwa orofa. Siku wizara na kaunti hizo zitakapouliza nyota kabla ya kuuliza kodi, wenye majengo watapanda mapaani wenyewe, na brashi mkononi, bila kuitwa na mtu. Na haihitaji mkopo wa nje. Inahitaji sentensi moja katika tangazo la zabuni.

Waingereza wameongeza kufuli: jengo la biashara lenye alama ya kawi iliyo chini ya E halikubaliwi kwenye mkataba mpya tangu Aprili 2018, na tangu Aprili 2023 hata kwenye mikataba iliyokuwa ikiendelea. Lakini waliwapa watu taarifa miaka kadhaa mapema, na waliposema tarehe, tarehe haikuhama.

Na kwa wale wanaodhani kukarabati ni kubomoa, nitawaambia habari ya New York, maana kama fundi ilinikaa moyoni. Empire State Building lilifunguliwa mwaka 1931, na kufikia 2010 lilikuwa na madirisha 6,514 yasiyozuia baridi ya kule wala joto la kule. Hawakuyatupa. Waliyashusha usiku, wakayapeleka ghorofa ya tano ya jengo lilo hilo, wakatenganisha vioo viwili vya kila dirisha, wakatia utando katikati, wakavifunga tena na kuvirudisha mahali pake. Kioo kilikuwa kile kile. Nyuma ya vipasha joto wakaweka vizuizi ili joto lisitoroke ukutani, na mitambo ya baridi wakaitengeneza badala ya kununua mikubwa zaidi, kwa sababu madirisha yakishatengemaa mitambo mikubwa haikuhitajika. Mpango mzima ulikusudiwa kupunguza matumizi ya kawi kwa asilimia 38, yaani dola milioni 4.4 kila mwaka. Nani kasema mafundi wa Mombasa, wanaofufua injini za matatu kwa waya na subira, hawawezi kazi ya namna hiyo?

Kwetu hata si lazima tuanzie kwenye madirisha. Tyubu ya zamani ya futi nne pamoja na choki yake hula karibu wati 45. Ya LED hula 18. Afisi yenye tyubu arobaini zinazowaka saa kumi huokoa zaidi ya uniti kumi kila siku, na joto ambalo tyubu hazikulitoa, kiyoyozi hakilibebi. Chokaa nyeupe juu ya paa. Kivuli nje ya dirisha, si pazia ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani. Mpira wa mlango. Chujio lioshwe. Nyuzi 24 au 25 badala ya 16, na feni ya dari itembee taratibu. Baada ya hayo ndipo mtu anunue mashine mpya, na atashangaa jinsi ndogo itakavyomtosha.

Sasa nani atoe fedha ya kwanza? Hapa ndipo ninapotaka wanangu wa kaunti na wa hazina wasinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Kaunti inatoza ada ya ardhi kila mwaka; impunguzie kwa miaka mitatu yule aliyeleta bili zinazoonyesha kuwa njaa ya jengo lake imepungua. Benki iruhusiwe kukopesha kwa riba nafuu, marejesho yakitoka kwenye kile kilichookolewa, kama mtu anayelipia cherehani kwa nguo anazoshona. Yako makampuni yanayoweza kuweka mtaji wao na kulipwa kutokana na akiba, lakini yanahitaji mikataba ambayo mahakama itaielewa, na mpimaji asiye rafiki wa upande wowote. Na afueni ikishatangazwa, idumu. Afadhali ndogo ya miaka kumi kuliko kubwa ya bajeti moja.

Mwaka jana mjukuu wa yule Hajji alinifuata msikitini baada ya alasiri. Kijana mtulivu, anafanana na babu yake kwenye mikono. "Babu, nasikia wewe ndiye uliyemwambia marehemu kuhusu paa." Nikamwambia ndimi, nami nikamweleza kwamba nilimwambia mara moja tu. Tukapanda juu pamoja. Magoti yangu hayakufurahi. Zege ni lile lile, na alama za misumari ya mashine nilizofunga mimi bado ziko.

Tulikaa na wapangaji waliobaki, watano, tukachukua bili za miezi kumi na miwili na kuziweka mezani kwa mara ya kwanza tangu jengo lile lijengwe. Makubaliano yakaandikwa kwenye karatasi moja: mwenye jengo atalipia paa, vivuli na taa; katika akiba itakayoonekana, theluthi mbili irudi kwake mpaka gharama yake itimie, theluthi moja ibaki kwa mpangaji tangu siku ya kwanza, baada ya hapo yote ni ya mpangaji, na mkataba wake uongezwe miaka mitano. Wanne wamekwisha kutia sahihi. Paa ni jeupe sasa, na seremala wa Kuze ameleta kivuli cha mfano.

Mwenye duka la dawa pale chini ndiye bado. Anahofia kwamba tukigusa kiyoyozi chake dawa zitaharibika, na hofu yake ni ya haki, mimi mwenyewe nanunua dawa zangu za presha kwake. Kesho asubuhi nitakwenda na vipimajoto viwili, kimoja nikiweke kwenye rafu yake na kingine karibu na dirisha, tuviache wiki nzima, kisha tukae tena.